Maswali ya Wasomaji: Kuzoea Vifaa vya Upasuaji wa Matundu Madogo

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa madaktari wanaosomea ubingwa na wauguzi wa vyumba vya upasuaji. Kwa maneno mbalimbali wanauliza jambo moja: mashine ya kamera ya kutazamia ndani ya tumbo imefika, seti ya vifaa virefu vinavyopitishwa kwenye matundu madogo ya ukuta wa tumbo imefunguliwa, lakini mikono bado migeni. Barua tumezifupisha. Majibu hatukuyafupisha.

Nianze na kifaa gani?

*Shikamooni. Nipo mwaka wa pili wa ubingwa wa upasuaji. Sinia likifunguliwa naona mirija zaidi ya ishirini, mipini inafanana, urefu uleule. Nikipewa kifaa, ncha inakwenda kinyume na ninakotaka. Nianze na kipi, na kwa nini mkono unanigomea?* (Daktari, Mwanza)

Marahaba, Daktari. Usitazame mpini, tazama taya. Vifaa vingi vya mtu mzima vina unene wa milimita 5 na urefu wa sentimita 33 hadi 36, kwa hiyo tofauti zote zimo kwenye sentimita mbili za mwisho. Koleo lenye taya ndefu zilizotobolewa dirisha katikati ni la kushikia utumbo na viungo laini. Dirisha lile huipa nyama pa kuingilia, hivyo taya hazilazimiki kuiminya sana ili isiponyoke. Koleo lenye meno ya panya ni la kushika kitu kinachotolewa mwilini, kwa mfano mfuko wa nyongo uliokuwa mnene. Ukilipeleka kwenye utumbo, umeutoboa.

Koleo liitwalo Maryland ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Lina taya nyembamba zilizopinda, na kazi yake ni kutenganisha tabaka: unaingiza ncha ikiwa imefungwa, unaifungua taratibu, unatoa. Wanafunzi hulipenda kwa sababu linaingia popote, wakaanza kulishikia na kuvutia kila kitu. Taya nyembamba hukusanya nguvu zote za vidole vyako mahali padogo mno, na mrija wa uzazi au utumbo huchanika kabla hujahisi chochote. Mikasi nayo ni miwili. Uliopinda ni wa nyama, wenye mdomo wa ndoana ni wa nyuzi. Mkasi wa nyama ukikatia nyuzi kila siku hupoteza makali, na ukigusa klipu ya chuma mara moja tu makali hupata pengo.

Anza na viwili: koleo lenye dirisha mkono wa kushoto, Maryland mkono wa kulia. Mpangilio huo ndio utakaokutana nao katika operesheni nyingi, kushoto kunavuta na kukaza, kulia kunatenganisha. Usiongeze cha tatu mpaka mkono wa kushoto uache kulala. Hapo ndipo tunapoona wanafunzi wengi wanakwama. Wana mkono wa kulia hodari, na wa kushoto umeshika kitu na kukisahau.

Kuhusu mkono kugoma, tundu la ukuta wa tumbo ni egemeo. Fikiria kasia lililofungwa kwenye kishwara: mpini ukienda mbele, pezi linarudi nyuma. Ukipeleka mkono kulia, ncha inakwenda kushoto. Ukiinua mkono, ncha inashuka. Mienendo miwili tu haigeuki, kusukuma na kuvuta kwa urefu, na kuzungusha kifaa kwenye mhimili wake. Ndiyo maana zoezi la kwanza kabisa ni kuingia na kutoka, kugusa nukta moja na kurudi, kabla ya kwenda kando.

Kipimo nacho hubadilika. Kifaa cha sentimita 36 kikiwa kimeingia nusu, ncha inatembea sawa na mkono. Kikiingia sentimita 24 na 12 zikabaki nje, ncha inatembea mara mbili ya mkono, na mtetemo wa vidole unaonekana mara mbili kwenye skrini. Kikiingia 12 tu, unapunga mkono mzima ili ncha isogee kidogo, bega linachoka ndani ya nusu saa. Ukiona unatetemeka, kabla ya kulaumu kahawa, tazama ni sentimita ngapi zimebaki nje.

Mshiko: dole gumba na kidole cha pete viingie kwenye pete za mpini kwa pingili ya kwanza tu, na kidole cha shahada kikae kwenye gurudumu dogo la kuzungushia taya. Dole gumba likizama mpaka shina, pete hubana neva na kidole hufa ganzi, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Ukitaka kugeuza taya, zungusha gurudumu, usipinde kiwiko. Kifungio chenye meno kwenye mpini kizime wakati wa mazoezi. Kikiwa kimewashwa, kinakushikia nguvu ambayo vidole vyako vilitakiwa kujifunza kuipima.

Meza iwe chini kuliko uliyozoea katika upasuaji wa kawaida, kwa kuwa mipini imesimama juu ya tumbo. Viwiko vikiwa na pembe ya digrii 90 hadi 120 na skrini ikiwa mbele yako, chini kidogo ya usawa wa macho, umepatia.

Nakaripiwa kila nikishika kamera

*Mimi ni daktari wa mafunzo kwa vitendo. Kazi yangu ni kushika kamera, na kila operesheni naambiwa picha imelala, au "angalia chini" nikaangalia juu. Darubini yetu ni ya digrii 30.* (Tanga)

Una vitu viwili mkononi ambavyo vinazunguka kila kimoja kivyake, na pengine hakuna aliyekuambia. Kichwa cha kamera ndicho kinachoshika upeo wa picha. Hakikisha waya wake unaning'inia kuelekea sakafuni muda wote na usikizungushe. Darubini yenyewe ndiyo inayozungushwa ili kubadilisha upande wa kutazama, na usukani wake ni ile nguzo ndogo panapoingia kebo ya mwanga. Lenzi ya digrii 30 hutazama upande ulio kinyume na nguzo. Nguzo ikielekea dari, unaona chini. Nguzo ikilala kulia kwako, unaona kushoto. Mkono mmoja unashika kamera isigeuke, wa pili unazungusha nguzo.

Fanya zoezi hili: bandika herufi nne ndani ya kikombe, moja kila upande, kiweke ndani ya boksi la mazoezi kikiwa wima, kisha zisome zote nne kwa kuzungusha nguzo tu bila kuhamisha tundu. Ukifaulu mara kumi mfululizo picha ikiwa haijalala, makaripio yatapungua.

Kabla ya kuingia, elekeza lenzi kwenye shashi nyeupe ili kamera ipime weupe wake, la sivyo ini litaonekana la kijani au la bluu. Ukungu unatokana na lenzi baridi kuingia mahali penye joto la digrii 37 na unyevu, hivyo itie kwanza ndani ya maji tasa ya moto kwenye chupa ya chai iliyotakaswa, uifute, uingie mara moja. Na tafadhali, kebo ya mwanga ikiwa imewashwa usiilaze juu ya shuka za operesheni. Mwanga unaotoka kwenye ncha ile unatoboa kitambaa na kuunguza ngozi.

Kifaa chenye makali kikiingizwa au kutolewa, kifuate kwa kamera mpaka kifike. Hilo daktari mkuu asilazimike kukuomba.

Hatuna maabara ya mazoezi

*Hospitali yetu ina seti moja tu, na hairuhusiwi kuguswa nje ya chumba cha upasuaji. Je, boksi la kujitengenezea lina faida, au ni mchezo?* (Daktari, Kigoma)

Si mchezo hata kidogo. Daktari Kurt Semm wa Kiel, Ujerumani, aliyeondoa kidole tumbo kwa njia hii mwaka 1980 wakati wenzake wengi wakimpinga, alitengeneza boksi la kufundishia mikono zamani hizo, kabla ya kompyuta za kuigiza operesheni. Ujuzi wa egemeo na kina haujali boksi limegharimu kiasi gani. Unajali vipimo.

Tafuta boksi la plastiki lenye mfuniko, la takriban sentimita 40 kwa 30, kina 20 hivi. Kwenye mfuniko toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 18. Ndani weka kibao cha mazoezi, ukipandishe kwa kipande cha mbao mpaka katikati yake iwe sentimita 18 kutoka kila tundu. Umepata pembetatu ya pande sawa: vifaa viwili vinakutana kwa pembe ya digrii 60, na kila kimoja kimeingia nusu ya urefu wake. Pembe hiyo ndiyo inayofaa zaidi kufungia fundo. Matundu yakisogeana mno, mirija inagongana kama vijiti vya kusukia. Yakiachana mno, mabega yanapanda na ncha zinatazamana uso kwa uso.

Matundu yafunike kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyotobolewa tundu la milimita 4, ili mrija wa milimita 5 ushikwe bila kukwama. Usiache tundu wazi. Kifaa kikicheza huku na huku hakuna egemeo, na unajifunza kitu ambacho tumboni hakipo. Ndani bandika karatasi nyeupe na ukanda wa taa za LED.

Kamera inaweza kuwa ya simu, ikitazama kupitia dirisha lililokatwa katikati ya matundu mawili. Lakini usifanye mazoezi ukiinamia simu iliyolala juu ya boksi, shingo itaharibika na macho yatakuwa mahali pasipo pake. Peleka picha kwenye kompyuta au televisheni kwa waya. Ukiirusha bila waya, mara nyingi picha huchelewa, na ucheleweshaji wa hata robo sekunde unakufundisha kusitasita. Kamera ndogo ya kompyuta ya kuchomeka kwa waya inafanya kazi vizuri kuliko simu ya bei kubwa. Funga ulengaji wake wa kujiendesha, vinginevyo kila ncha ikipita picha itafifia.

Vifaa? Omba vilivyostaafishwa. Koleo ambalo ganda lake la kuzuia umeme limepasuka halifai kwa mgonjwa, ila kwenye boksi lisilo na umeme halina tatizo. Lipake rangi nyekundu kwenye mpini, na lisirudi kamwe kwenye chumba cha upasuaji. Sheria hiyo iwe kali zaidi ukianza kutumia nyama.

Mazoezi yenyewe yapo jikoni. Maharage sita yahamishwe kutoka kisahani cha kushoto hadi cha kulia, kila moja likipokezanwa hewani kutoka koleo hadi koleo. Shashi iliyochorwa duara la sentimita 5 ikatwe kwa kufuata mstari, kushoto kukiikaza. Hapa ndipo utaelewa kwamba mkasi haukati kitu kilicholegea, na kwamba nusu ya kazi ya mkasi inafanywa na mkono mwingine. Menya chenza kwa Maryland bila kupasua vipande. Ngozi ya paja la kuku ivuliwe kutoka kwenye nyama kwa kufuata utando mweupe ulio katikati; ukiona nyama nyekundu imechubuka, umetoka kwenye tabaka. Kidole cha glovu kilichojazwa pamba kinafaa kujifunzia kitanzi cha kufungia kidole tumbo: ingiza koleo ndani ya kitanzi kwanza, shika, vuta kidole kipite, kisha kaza kitanzi pale ulipochora alama.

Dakika 20 kila siku zinazidi saa tatu za Jumamosi. Mkono hujifunza pia kati ya zoezi na zoezi.

Fundo linanitoa jasho

*Nasomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake. Kuondoa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi naweza. Kushona ndani ya tumbo bado. Sindano inageuka, kitanzi kinaponyoka, dakika kumi zinaisha. Nifanyeje?* (Daktari, Mombasa)

Dada, fundo si tendo moja, ni matendo matano, na kwa maelezo yako unapoteza muda kwenye mawili. Yapitie moja moja.

Kwanza urefu wa uzi. Kwa fundo la ndani kata sentimita 15. Uzi mrefu kuliko huo ndio unaosababisha tafrani nyingi, kwa kuwa kila unapouvuta unalazimika kubadilisha mshiko mara tatu. Kwa fundo la kusukuma kutoka nje ndipo unapohitaji sentimita 75 hadi 90.

Kuingiza. Usishike sindano, shika uzi sentimita 2 au 3 nyuma ya sindano, uipitishe kwenye troka (bomba fupi linalokaa kwenye tundu la tumbo ili vifaa vipite) ikiburuzwa, kamera ikiitazama. Sindano ya nusu duara ya milimita 26 haipiti troka ya milimita 5, tumia ya 10 au 12. Inatoka kwa njia ileile, na muuguzi anaihesabu.

Kuipanga sindano ndiko kunakokutesa. Watu huishika kwa koleo moja na kujaribu kuigeuza kwa la pili, wakivutana nayo hewani. Fanya hivi: koleo la kushoto lishike uzi sentimita 2 kutoka kwenye sindano, sindano ining'inie na ncha yake iguse nyama kidogo. Koleo la sindano la kulia liishike kwa ulegevu, theluthi mbili kutoka kwenye ncha. Sasa vuta uzi kushoto au kulia taratibu, sindano itazunguka yenyewe ndani ya taya kama mlango kwenye bawaba. Ikisimama wima kwa pembe ya digrii 90 na koleo, ndipo funga kifungio. Usishike mkiani pale uzi unapoungana na sindano, pana uwazi ndani, patapinda au kuvunjika.

Kupitisha. Ncha iingie kwenye nyama kwa pembe mraba, kisha zungusha kifundo cha mkono ili sindano ifuate mviringo wake. Ukiisukuma mbele badala ya kuizungusha, inachana tundu na kupinda.

Kufunga. Vuta uzi mpaka mkia mfupi ubaki sentimita 2 hadi 3, unaonekana wote. Hapa ndipo kitanzi chako kinapoponyoka, na sababu huwa ni mkia. Ukiwa mrefu haumalizi kutoka kwenye kitanzi, ukiwa mfupi mno unateleza nyuma ya nyama. Laza upande mrefu uwe kama herufi C juu ya jeraha. Koleo la kushoto lishike juu ya C, la kulia liwekwe juu ya uzi, na uzi uzungushwe mara mbili kuzunguka koleo la kulia. Kisha, na hili ni la kukariri, makoleo yote mawili yasogee *pamoja* kuelekea mkia. Mwanafunzi huacha la kushoto nyuma, uzi unakazika, kitanzi kinavuka ncha na kuanguka. Shika mkia kwenye ncha yake kabisa, vuta pande mbili tofauti, sambamba na nyama, usiinue juu. Fundo la pili zungusha mara moja kwa upande uliogeuzwa, la tatu mara moja ukirudisha upande wa kwanza. Bila kugeuza pande, fundo hulegea.

Usibane kwa koleo la sindano sehemu ya uzi itakayobaki mwilini. Taya zake zimechongwa kwa ajili ya chuma, na uzi wa nyuzinyuzi moja ukibanwa hapo hukatika baadaye.

Kwa mazoezi tumia uzi wa hariri wa namba 2-0, inakaa ilivyolazwa. Kata kidole cha glovu kipande, kipasue mpasuko wa sentimita 2, weka nukta mbili pande zote mbili, sindano ipite kwenye nukta hizo. Kwa wiki ya kwanza fanya kupanga sindano peke yake, mara 30 kwa siku, bila kushona. Wengi wakishaliweza hilo, muda wao wote hupungua nusu.

Natumia mkono wa kushoto

*Je, kuna mikasi maalumu ya wanaotumia kushoto?* (Mwanafunzi wa udaktari, Eldoret)

Kwa mikasi ya njia hii huna haja. Mkasi wa kawaida hukusumbua kwa sababu dole gumba la kushoto hutenganisha makali badala ya kuyabananisha. Mkasi wa matundu madogo unafungwa na fimbo iliyo ndani ya mrija, na upindo wake unauzungusha upendavyo. Koleo la sindano lenye taya zilizopindia upande mmoja ndilo la kuuliza, kwani yapo ya kulia na ya kushoto. La taya zilizonyooka halina ubaguzi.

Utumbo uliungua na hakuna aliyeugusa

*Mgonjwa wa hospitali moja alirudishwa siku ya nne, utumbo umetoboka mbali na eneo la operesheni. Kulabu ya umeme haikuusogelea. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, nataka kuelewa.* (Morogoro)

Sista, kamera huonyesha sentimita chache za mwisho za kifaa. Mrija uliobaki uko tumboni bila kuonwa na mtu, na dayathemi ya ncha moja, yaani mashine ya kukata na kuchoma nyama kwa umeme, hupitisha umeme kwenye mrija wote huo. Njia ni tatu. Ganda la plastiki likiwa na ufa, hata mdogo usioonekana kwa macho, umeme hurukia hapo kwenda kwenye utumbo uliougusa, na kadiri ufa ulivyo mdogo ndivyo moto unavyokuwa mkali. Au ncha inayowaka imegusa chuma kingine, koleo au darubini, nacho kimelalia utumbo. Au umeme umerukia troka bila ganda kuharibika kabisa. Hatari hii ya tatu ni kubwa zaidi kwa troka ya mchanganyiko, mrija wa chuma wenye kola ya plastiki, kwa sababu plastiki inauzuia umeme kutawanyika kwenye ukuta wa tumbo. Tumia troka ya chuma tupu au ya plastiki tupu.

Jeraha la moto halitoboki mezani. Nyama iliyokufa huachia siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani. Kwa hiyo mgonjwa anayezidi kuumwa badala ya kupona arudi, asipewe dawa ya maumivu kwa simu.

Kinga iko mikononi mwenu: kagua ganda kila mara kabla ya kufunga seti, kwa kidole na kwa mwanga, na kwa kipima-ganda kama mnacho, hasa kuzunguka ncha na pale mrija unaposuguliwa na troka. Bamba la kurudishia umeme libandikwe lote kwenye msuli wa paja. Tumieni nguvu ndogo inayotosha, wengi huanza na wati 30 au chini, kwa miguso ya sekunde 2 au 3. Kanyagio likanyagwe na yule anayeiona ncha, na lisikanyagwe ncha ikiwa hewani.

Kwa anayejifunza kulabu, mpangilio ni mmoja: ingiza, inua, onyesha, kisha choma. Kama huoni mwanga upande wa pili wa ulichokiinua, umeinua kingi. Na mkasi wa mawimbi ya sauti, ingawa haupitishi umeme mwilini, blade yake hubaki na joto la zaidi ya digrii 100 baada ya kuachia kitufe. Ukiutumia hapohapo kama koleo la kushikia utumbo, umeuchoma.

Koleo linakwama baada ya kuoshwa

*Vifaa vyetu havina mwaka, taya zinakuwa ngumu, vingine vina kutu ndani. Tunaloweka kwenye dawa ya kuua vijidudu, glutaraldehaidi, kila siku.* (Fundi wa vifaa tiba, Dodoma)

Fundi, kinachokwamisha ni damu iliyokauka ndani ya mrija. Kifaa kikitoka mezani kipitishiwe maji papo hapo, kisiwekwe kwenye saline, chumvi hula chuma. Kisha kifungueni vipande vitatu: mpini, mrija wa nje na fimbo ya ndani yenye taya. Kama hakifunguki, kiwe na tundu la kusukumia maji kwa bomba la sindano. Loweka kwenye sabuni ya vimeng'enya kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, piga brashi ndefu ya ukubwa wa mrija mpaka itoke safi, suuza, kausha, tia mafuta ya vifaa yanayochanganyika na maji kwenye maungio. Usitumie mafuta ya cherehani, mvuke hauyapenyi.

Mirija mingi yenye maandishi ya kuruhusu otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke, inavumilia digrii 134. Kama kifaa kinavumilia, kitieni otoklevu. Kulowekwa kwa dakika 20 kwenye glutaraldehaidi ya asilimia 2 si kutakasa kikamilifu. Kutakasa kwa dawa hiyo kunahitaji saa 10, na baada yake suuzeni kwa maji tasa. Vijidudu vya jamii ya kifua kikuu vinavyoishi kwenye maji ya bomba vimesababisha vidonda sugu vya matundu katika nchi kadhaa, vikianza wiki nyingi baada ya ngozi kufunga. Ukiona tundu linavuja usaha mwembamba mwezi mmoja baada ya operesheni, chunguzeni beseni lenu la kulowekea kabla ya kubadilisha dawa za mgonjwa.

Sekunde 48

*Nimesoma kwamba zoezi la kuhamisha vitu sita linatakiwa kumalizwa kwa sekunde 48. Mimi natumia 90. Je, sifai?* (Daktari, Lubumbashi)

Unafaa. Muda huo ni wa mafunzo ya msingi ya Marekani yaitwayo FLS, yaliyoanzishwa na SAGES, chama cha madaktari wa upasuaji, mwaka 2004, na ni lengo la kufikiwa baada ya mazoezi mengi. Humo vitu sita vinahamishwa kutoka upande mmoja hadi wa pili *na kurudishwa*, kwa sekunde 48. Duara la shashi hukatwa kwa sekunde 98, na fundo la ndani hufungwa kwa 112. Dari la mtihani wenyewe liko mbali na hapo: dakika 5 kwa kuhamisha na dakika 10 kwa fundo.

Kinachosahaulika ni masharti ya usahihi. Kitu kikianguka nje ya upeo wa kamera, jaribio limeharibika. Mkato ukitoka milimita 2 nje ya mstari, umekosea. Kwa hiyo andika safu mbili kwenye daftari lako, muda na makosa, na usikimbize muda mpaka safu ya makosa iwe sifuri kwa majaribio matano mfululizo. Kasi itakuja yenyewe, kwa sababu muda mwingi unaopotea si wa mkono mzito, ni wa ncha kutafuta mahali pa kushika, kukosa na kurudia. Rekodi jaribio moja kwa wiki, litazame bila sauti, uhesabu mara ngapi koleo la kushoto limetoka nje ya picha. Anza kupunguza hizo.